Asubuhi siwezi, jioni nacheka: je, hii ni sonona?

*"Daktari, shikamoo. Nina miaka 29, naishi Mbagala, natunza hesabu kwenye duka la jumla Kariakoo. Sasa ni kama miezi 3 naamka saa 10 alfajiri bila kuamshwa na mtu, moyo unakwenda mbio, mwili mzito kama nimepigwa. Kuoga tu ni kazi. Nikiwa kwenye daladala natamani lisifike. Ila ikifika saa 10 jioni nakuwa mtu mwingine: naongea, napika, natania na watoto wa dada. Mwezi uliopita nilikwenda harusini nikacheza mpaka usiku, halafu Jumapili nzima sikutoka kitandani, nikawa nalia tu. Dada yangu mkubwa ninayeishi naye anasema nadeka, mgonjwa wa sonona hachezi muziki. Mwenzangu kazini anasema ni baipola kwa sababu nabadilikabadilika. Famasi walinipa diazepamu ya miligramu 5 nimeze nikikosa usingizi, huu mwezi nimeitumia wiki 3. Asubuhi nyingine natamani nisingeamka kabisa. Naumwa, au ni tabia yangu?"*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na sentensi uliyoipenyeza karibu na mwisho, kwamba asubuhi nyingine unatamani usingeamka. Kwangu hiyo ndiyo nzito kuliko zote ulizoandika, na kwa ajili yake nakuomba uende hospitali wiki hii hii. Nitairudia huko mbele. Kama unaposoma hapa tamaa hiyo imekwishakuwa mpango, yaani umeanza kufikiria namna au siku, acha kusoma. Mwamshe dada yako mwende wote kwenye idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa swali lenyewe. Nikilimenya, unauliza hivi: kama kweli naumwa, mbona kuna saa siumwi? Dada yako amelijibu kwa njia yake na mwenzako kwa njia yake. Wote wameona kitu cha kweli, kwamba hali yako inapanda na kushuka. Wamekosea maana yake. Fikiria mgonjwa wa malaria: homa inampanda, mchana inashuka, anakaa barazani anaomba uji, usiku anatetemeka tena. Hakuna anayemwambia kwamba ule uji wa mchana unathibitisha hana vijidudu. Sonona nayo ina mwendo wake.

Wala kipimo cha sonona hakijawahi kuwa kutocheka. Tunachotafuta ni kipindi cha wiki 2 au zaidi ambacho mtu, kwa sehemu kubwa ya siku na karibu kila siku, ana huzuni au amepoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Juu ya hayo tunahesabu dalili nyingine: usingizi kuharibika, chakula kupungua au kuzidi, kuishiwa nguvu, kujiona huna thamani au mwenye hatia, akili kutotulia, mwili kupungua kasi au kuhangaika, na mawazo ya kifo. Zikifika 5 kati ya 9, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa hamu, na zimeshaingilia kazi au maisha ya nyumbani, tunazungumzia sonona. Tazama maneno yenyewe: "sehemu kubwa ya siku", "karibu kila siku". Hata waliotunga vigezo walijua kwamba siku ya mgonjwa ina mapengo ya nuru.

Kwa nini mapengo yako yanaangukia jioni na si asubuhi? Ndani ya ubongo kuna saa inayoanza kuuandaa mwili kuamka kabla jua halijachomoza. Homoni iitwayo kortisoli, ambayo kazi yake mojawapo ni kuupa mwili nguvu za kuikabili siku, hupanda katika saa za mwisho za usiku na kufika kileleni kati ya dakika 30 na 45 baada ya mtu kufumbua macho. Kwa asiyeumwa, msukumo huo ndio humtoa kitandani. Kwa wengi wenye sonona mpangilio wa saa hii umevurugika. Usingizi hukatika mapema, pengine saa 2 nzima kabla ya wakati wake, na msukumo wa mwili unamkuta mtu hana hamu ya kuutumia. Mwili umeshawashwa, hamu bado imezimika. Ndipo moyo unakwenda mbio saa 10 alfajiri huku miguu ikikataa kushuka kitandani.

Sababu ya pili haihusu homoni. Alfajiri hakuna cha kukuinua: giza, nyumba nzima imelala, simu kimya, na siku yote iko mbele haijaguswa. Wasiwasi chakula chake ni mambo yajayo, na saa 10 alfajiri kila kitu ni kijacho, kuanzia foleni ya Barabara ya Kilwa na hesabu za jana zisizooana hadi uso wa bosi. Siku inavyosogea, kila jambo linalopita bila kukuangusha linakutua mzigo mmoja. Hata salamu ya mama wa chai inaweka kitu upande wa pili wa mizani. Ikifika saa 10 jioni, mengi uliyoyaogopa yamekwishapita. Uchungu wa asubuhi ni wa kweli na utani wako na watoto jioni ni wa kweli pia.

Wapo ambao mwendo wao ni kinyume cha wako. Mchana kazi inawafunika, ikifika usiku chumba kikatulia, mawazo yanafungua mlango na kuingia. Wengine wanaharibikiwa kila Jumapili jioni, kabla Jumatatu haijafika. Umbo la siku peke yake halithibitishi ugonjwa wala halikanushi, ila linamsaidia sana daktari kujua aina yake.

Tuje kwenye harusi, kwa kuwa naona ndiyo inayokutesa. Ipo sonona nzito ambayo haijibu chochote. Mtu anapata habari njema ya mwaka mzima na haimgusi. Asubuhi kwake ni mbaya kupita kiasi, chakula hakipiti, uzito unapungua, anajilaumu kwa makosa ambayo wengine hawayaoni. Mgonjwa wa namna hiyo tunampa dawa mapema, wala hatumwambii "jichanganye na watu". Lakini wengi zaidi wana sonona inayojibu: kikija kitu kizuri, wingu linapasuka kwa muda. Watafiti waliowafuatilia watu kwa kuwauliza hali yao mara kadhaa kwa siku, kila mtu akiwa katika shughuli zake, walikuta jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Kikitokea kitu chema katika siku ya kawaida, huzuni ya mwenye sonona mara nyingi hushuka kwa kiasi kikubwa kuliko ya asiye nayo. Ukiifikiria si ajabu, maana aliye na huzuni nyingi anayo nyingi ya kupungua. Kwa hiyo ngoma ya harusi kukuinua haipingani na ugonjwa hata kidogo. Mwambie dada yako hivyo, kwa upole, kwani naye hasemi kwa ubaya.

Kinachomtofautisha mgonjwa ni kunata kwa huzuni. Chukua watu wawili waliofokewa na bosi saa 4 asubuhi. Mmoja anakasirika, anakula chakula cha mchana, saa 9 amesahau. Mwingine anaondoka nalo, analala nalo, na Alhamisi bado linamzungukia kichwani. Kipigo kilikuwa kimoja, mwendo wa kurudi ndio uliotofautiana. Katika sonona hisia mbaya ikishaingia hukawia kutoka, na saa hii inairithisha saa inayofuata. Kwa hiyo hali ya mgonjwa inaweza kuyumba kuliko ya wengine, na wakati huohuo ikanata kuliko ya wengine. Ndiyo sababu watu wa nyumbani wanachanganyikiwa: leo wanaona kuyumba, kesho kunata, wanahitimisha kwamba ni tabia.

Na Jumapili? Ulikatisha usingizi, na usingizi ukishakuwa dhaifu, kuupunguzia saa 3 au 4 kunatosha kuangusha siku inayofuata. Pengine pia ulijikaza mbele ya watu kwa saa nyingi, na kujikaza kunakula nguvu. Kama kulikuwa na bia, pombe hukata usingizi wa alfajiri na kuacha wasiwasi inapotoka mwilini. Juu ya yote kuna kulinganisha: jana nilikuwa mzima, leo nimekuwaje? Swali hilo likizunguka kutwa nzima, lenyewe linatosha kukuweka kitandani.

Wasiwasi nao una umbo lake, nami naona wa kwako umechanganyika na sonona, kama inavyotokea mara nyingi. Shambulio la hofu hupanda kwa kasi na kufika juu kabisa ndani ya dakika chache, kwa kawaida zisizozidi 10, kisha hushuka lenyewe. Wasiwasi wa jumla ni mlio wa chini usiozimika kwa miezi. Aliye na hofu ya watu huumia mara mbili, kabla ya shughuli na baada yake, anapokaa kuchambua kila neno alilosema. Kitu kinachoukuza ni kukwepa. Bosi anapiga, hupokei, unapata nafuu palepale. Nafuu hiyo inaufundisha mwili kwamba simu ya bosi kweli ni hatari, na ikilia tena unaogopa zaidi. Ukijiona unapata nafuu za haraka nyingi namna hiyo huku maisha yakizidi kuwa finyu, ujue wasiwasi ndio unaoshika usukani.

Mwenzako wa kazini alisema baipola, yaani ugonjwa wa vipindi vya hisia kupanda kupita kiasi na vipindi vya kushuka. Siwezi kulipuuza, kwa kuwa likikosewa linaleta madhara, ila kwa uliyoyaeleza sioni dalili zake. Baipola haipimwi kwa mtu kubadilika asubuhi na jioni. Tunahesabu siku. Kupanda kwa kiasi kunapaswa kudumu angalau siku 4 mfululizo, na kupanda kukali angalau wiki nzima, au muda wowote ikiwa mtu amelazimika kulazwa. Na kupanda kwenyewe ni zaidi ya kuwa na furaha. Mtu analala kwa saa 3 tu na anaamka na nguvu tele, hasikii uchovu. Anaongea bila kumpa mwenzake nafasi, mawazo yanakimbizana, anaanza miradi mitano, anakopa kwenye simu na kugawa hela, au anauza kiwanja kwa bei ya kutupa. Anakasirika akizuiwa, na watu wanaomjua wanasema, "huyu siye yeye." Wewe ulicheza harusini, ukachoka, ukalala. Jiulize hata hivyo, na umuulize dada yako, kama katika maisha yako kimewahi kupita kipindi cha namna hiyo cha siku kadhaa, na kama yupo mzazi au ndugu wa damu aliyepata. Jibu likiwa ndiyo, lazima daktari alijue kabla hajaandika dawa ya sonona, kwani dawa hizo zikitolewa peke yake kwa mwenye baipola zinaweza kumrusha juu.

Watu ambao hisia zao hupinduka ndani ya saa chache, kila mara baada ya ugomvi au hofu ya kuachwa na mtu, na wako hivyo tangu ujana, wana tatizo la aina nyingine, na matibabu yake makuu ni mazungumzo. Nalitaja kwa sababu nao hubandikwa jina la baipola mitaani.

Sasa nakupa kazi ambayo itamsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote. Chukua daftari dogo uandike kwa siku 14, mara 3 kwa siku: saa 2 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku. Kila mara andika namba mbili tofauti. Ya kwanza ni hali ya moyo, 0 ikiwa mbaya kuliko zote ulizowahi kuwa nazo na 10 nzuri kuliko zote. Ya pili ni wasiwasi, 0 hakuna, 10 hauvumiliki. Ongeza mstari mmoja wa kilichotokea. Asubuhi andika pia ulilala saa ngapi na kuamka saa ngapi. Weka alama siku za hedhi, siku uliyokunywa pombe, kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu, na kila dawa uliyomeza. Dakika 1 inatosha.

Kazi hii huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujaza siku 5 kwa mpigo siku ya Ijumaa. Kumbukumbu huchukua rangi ya saa unayokumbuka: ukijaza asubuhi, wiki nzima itaonekana nyeusi, na ukijaza jioni itaonekana ya kawaida. Ukikosa saa, acha wazi. Ya pili ni kujipima kila nusu saa. Mwenye wasiwasi akianza kuchungulia moyo wake mara 20 kwa siku, kuchungulia kwenyewe kunaleta wasiwasi, basi usizidishe mara 3.

Baada ya wiki 2, soma umbo. Asubuhi zikiwa 2, 3, 2, 2 na jioni 5, 6, 5, 6 karibu kila siku, huo ndio mwendo wa asubuhi niliokueleza. Zikiwa 2 kutwa kucha bila kujali kilichotokea, hiyo ni sonona isiyojibu na haistahili kusubiri. Hesabu pia kurudi: ukiangushwa na jambo Jumatatu, unarudi ulipokuwa baada ya saa ngapi, au siku ngapi? Na kama kuna wiki mbaya moja tu, ile inayotangulia hedhi, nawe unapata nafuu siku chache baada ya damu kuanza, endelea kuandika hadi mizunguko 2 itimie. Hilo lina jina lake na tiba yake.

Neno dogo kwa wanaosoma mambo haya kwenye intaneti. Mtakutana na maelezo ya sonona ya majira ya baridi huko Ulaya, ambako siku hufupika sana. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, tofauti ya siku ndefu na fupi kwa mwaka haifiki saa 1, kwa hiyo umbo hilo si letu. Letu ni joto la Desemba hadi Machi linalofanya watu wagaagae usiku kucha, na usingizi ukivurugika hisia zinafuata.

Yapo pia mambo ya mwili yanayoiga sonona na wasiwasi, nayo yapimwe mapema: wingi wa damu, tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, sukari, na ujauzito kama inawezekana. Thairoidi ikizidi kufanya kazi huleta mapigo ya moyo na mahangaiko, ikipungua huleta uzito na huzuni. Baadhi ya njia za uzazi wa mpango zenye homoni huwagusa hisia baadhi ya wanawake. Dawa za kundi la steroidi kama predinisoloni hufanya hivyo pia. Kama unatumia dawa yoyote ya kudumu, usiikatishe mwenyewe, itaje kwa daktari. Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu: kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini, hivyo kama huvinywa, kopo la saa 11 jioni linaweza kuwa na sehemu yake katika kuamka kwako alfajiri.

Diazepamu inanisikitisha, maana ni dawa ya cheti na haikupaswa kuuzwa hivyo dirishani. Inatuliza usiku, ndiyo. Lakini hukaa mwilini muda mrefu, na sehemu ya uzito wa asubuhi unaoulalamikia inaweza kuwa ni yenyewe. Ikitumiwa kwa wiki kadhaa mwili unaizoea, usiku usipoimeza wasiwasi unarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, nawe unadhani ugonjwa umezidi. Wala haitibu sonona. Kama ulikuwa unaimeza usiku mmoja mmoja, daktari pengine atakuambia uiache. Kama ni kila usiku, usiikate ghafla. Apange yeye namna ya kuipunguza. Wala usiichanganye na pombe hata mara moja.

Tiba zipo, na nikueleze kwa ukweli faida na mipaka yake. Kwa sonona nyepesi, mazungumzo na mtaalamu pamoja na kupanga upya shughuli hutosha mara nyingi. Ikiwa ya kati, dawa au mazungumzo, vyote vinasaidia, na mara nyingi vikiungana vinashinda. Ikiwa nzito, kwa kawaida dawa huhitajika. Kwa maelezo yako nakuweka katikati, ila yale mawazo ya alfajiri yanaweza kumfanya atakayekuona apime tofauti, na yeye ndiye atakayekuwa amekaa nawe uso kwa uso.

Kuhusu shughuli, kanuni ni moja: fanya kwa saa, usifanye kwa hamu. Ukiisubiri hamu haiji, kwa sababu katika sonona hamu hufuata tendo. Panga usiku, wakati una nguvu: nguo, maji ya kuoga, nauli. Amka saa ileile kila siku hata Jumapili. Ndani ya saa 1 ya kuamka toka nje kwenye mwanga, tembea dakika 20 hadi 30, hata kama ni kushuka daladala kituo kimoja kabla ya kazini. Mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha saa ya mwili. Chagua mambo 3 madogo ya siku, moja la mwili, moja la kazi, moja la kumgusa mtu, kila moja la dakika 10. Hesabu ngumu za dukani zisogeze mchana kama bosi anaruhusu. Na kabla ya saa 6 mchana usiamue jambo kubwa, iwe kuacha kazi au kuvunja uchumba, maana asubuhi yako inakuonesha dunia nyeusi kuliko ilivyo.

Kwa wasiwasi, tenga dakika 20 za kuhangaika, tuseme saa 11 jioni. Wazo likija saa 10 alfajiri liandike neno moja, uliambie tutakutana jioni. Mengi yakifika jioni yamepoa. Kwa moyo unaokwenda mbio, vuta pumzi ukihesabu 4, itoe taratibu ukihesabu 6, kwa dakika 5. Na simu ya bosi, pokea.

Dawa inayoanzwa sana ni fluoksetini, mara nyingi miligramu 20 asubuhi. Watu wengi huiacha wiki ya kwanza kwa kutoelezwa: kichefuchefu na mahangaiko huweza kuzidi siku za mwanzo kabla nafuu haijaja. Nafuu huanza wiki ya 2 hadi ya 4, na hatuihukumu dawa kabla ya wiki 6 hivi kwa dozi inayotosha. Kwa walio chini ya miaka 25 tunafuatilia mawazo ya kujidhuru kwa ukaribu zaidi wiki hizo, na kwako pia itafaa. Amitriptilini ni ya zamani, bei nafuu, inaleta usingizi, lakini hukausha mdomo na kufunga choo, na ikizidi kiasi ni hatari kwa moyo, kwa hiyo mwenye mawazo kama yako hapewi nyingi kwa mkupuo. Ukishapona kabisa, dawa huendelea miezi 9 hadi 12, kisha hupunguzwa polepole.

Nafuu nayo haiji kwa mstari ulionyooka. Kwanza utaona saa nzuri zinaanza mapema, saa 8 mchana badala ya saa 10. Kisha siku nzima nzuri, ikifuatiwa na mbili mbaya. Watu hukata tamaa hapo na kusema dawa imekataa. Linganisha wiki na wiki kwenye daftari lako, usilinganishe leo na jana.

Nirudi kwenye ile sentensi. Mawazo ya kutotaka kuishi nayo hupanda na kushuka ndani ya saa chache, kama huzuni yenyewe. Utulivu wako wa jioni hauniambii kwamba alfajiri uko salama, na wala usikuambie wewe. Mweleze dada yako leo, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia. Mkubaliane kwamba ukiamka na wazo hilo unamwamsha, saa yoyote. Dawa zote za nyumbani, ile diazepamu ikiwemo, na sumu za wadudu na panya azitunze yeye. Kumuuliza mtu kuhusu mawazo haya hakumtii wazo kichwani, humpunguzia upweke, kwa hiyo dada asiogope kukuuliza kila siku. Dharura nyingine ni kushindwa kula na kunywa, kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kukaa siku kadhaa bila usingizi ukiwa na nguvu za ajabu.

Kwa Mbagala, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe ni Temeke, na ukitokea kazini Amana iko Ilala. Zote zina huduma ya afya ya akili, nazo hutoa rufaa kwenda Muhimbili ikihitajika. Unaweza pia kuanzia kituo cha afya cha jirani na kuomba rufaa, hasa kama bima yako inataka hivyo. Usingojee siku 14 za daftari zitimie. Nenda hata na siku 2 utakazokuwa umeandika, uendelee ukishaonwa. Na kuna mtego. Ukionwa saa 9 alasiri, daktari atakutana na yule anayecheka, na kwa aibu utasema, "naendelea vizuri." Kwa hiyo andika sentensi hizi tatu kwenye karatasi umpe mkononi: Naamka saa 10 alfajiri na asubuhi siwezi kitu, kwa miezi 3. Asubuhi nyingine natamani nisingeamka. Nimetumia diazepamu wiki 3 bila cheti.

Mwoneshe dada yako majibu haya leo jioni, saa ambayo una nguvu, mpange siku ya kwenda na umwombe akusindikize, maana asubuhi ya siku hiyo hutakuwa na hamu ya kutoka kitandani.